Jinsi Keshokutwa Alivyoifunga Tai

Sogeeni, enyi mlioketi na ninyi mlio njiani! Anayepepeta aweke ungo chini, anayenyolewa avumilie nusu ya kichwa, na redio izimwe hata kama ni taarifa ya habari, kwa maana leo nasimulia vita visivyomwaga damu bali jasho, vilivyopiganwa baina ya alfajiri na saa mbili ya asubuhi, katika chumba chenye kitanda kimoja na kioo kilichopasuka, kati ya mwanamume mmoja na kitambaa cha bluu chenye urefu wa mikono mitatu. Ewe ulimi wangu, usiteleze. Nawe kumbukumbu, ukinifanya mwongo, basi iwe kwa kiasi.

Shujaa wetu alikuwa mwanachuo wa ualimu, mwenye miaka ishirini na sita na masharubu ya kuhesabika. Wenzake walimwita Keshokutwa, na jina hilo alilifanyia kazi. Mwaka uliotangulia, siku ya kutolewa barua za kwenda shuleni kufanya mazoezi ya kufundisha, aliwasili chuoni saa mbili na robo, akiwa na maandalio ya masomo matatu badala ya kumi, akaeleza kwa utulivu kwamba yale saba yangekuwa tayari keshokutwa. Alieleza akiwa nje, lango limekwisha kufungwa. Wenzake wakaenda kufundisha, yeye akarudi kwa mama yake, akakaa mwaka mzima akipita njia za uani ili asiulizwe na majirani.

Na mlinzi wa lango hilo, tumtaje kwa heshima, alikuwa Mkufunzi wa Mazoezi, mama mwembamba mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja utosini, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuliona kosa akalionea haya. Wiki moja kabla ya vita alisimama mbele ya wanachuo wote akanguruma:

"Sikilizeni, walimu watarajiwa! Mnakwenda kukabidhiwa watoto wa watu. Jumatatu asubuhi nawakagua langoni, na saa mbili kamili lango nalifunga. Nataka maandalio kumi, kucha fupi, viatu vya kamba, na kila mwanamume awe na tai shingoni. Atakayepungukiwa na kimoja, barua yake naichana. Na wewe, Keshokutwa, usijifiche nyuma ya mwenzako. Hii ni mara yako ya pili. Hakuna ya tatu. Naliondoa jina."

Keshokutwa akafanya kazi kama hajawahi kufanya. Akaandika maandalio kumi na mawili. Akakata maboksi akatengeneza tarakimu za kufundishia kubwa kama milango. Jumapili jioni viatu viling'aa, kucha zilikwisha, na katika dunia yote hakukuwa na jambo lililobaki kufanywa.

Kuhusu tai hakuwa na wasiwasi, kwa sababu tai yake ilikuwa imefungwa. Ilifungwa miaka sita nyuma na mjomba wake, karani mstaafu, siku Keshokutwa alipomaliza sekondari, na tangu siku ile haikufunguliwa hata mara moja. Ilikaa kwenye msumari nyuma ya mlango na fundo lake. Ikihitajika aliilegeza, akaipitisha kichwani, akaikaza, akawa mheshimiwa. Wanaocheka wakaangalie kwanza misumari ya kwao.

Jumatatu alfajiri shujaa akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akashika ukuta.

"Mama! Tai yangu iko wapi?"

"Hii hapa, mwanangu!" Mama yake aliingia ameibeba mikononi kama mtoto mchanga, imenyooka, inafuka joto. "Nimeamka saa kumi nikaipiga pasi. Ilikuwa na donge hapo katikati linazuia pasi, nimehangaika nalo mpaka meno. Lakini nimelifungua."

Keshokutwa akakaa kitandani. Alitaka kulia, lakini alimwona mama yake anavyotabasamu, macho mekundu kwa usingizi, akasema asante. Nasema wazi kwamba hilo lilikuwa tendo kubwa kuliko mengi ya asubuhi ile.

Ndipo vita vikaanza. Akajitosa mara ya kwanza, likatoka fundo la kufungia mbuzi. Akajitosa mara ya pili, ncha moja ikafika gotini na nyingine ikapotelea kwenye kola. Mara ya tatu alijikaba mwenyewe, macho yakamtoka, mama yake akamwokoa kwa kijiko cha mbao. Mara ya nne sitaisimulia. Katika nyumba zote za mtaa ule, alikuwamo fundi baiskeli, alikuwamo mpaka rangi wa nyumba, walikuwamo wauza mkaa wawili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujifunga shingo kwa hiari yake.

"Mpigie mjomba wako," akasema mama.

Mjomba aliishi mwendo wa siku mbili kwa basi. Simu zao zote mbili zilikuwa za vitufe, za kusikia tu.

"Mjomba, shikamoo. Tai imefunguka."

"Marahaba. Imefunguka? Imefungukaje?"

"Mama ameipiga pasi."

"Ah, dada yangu huyu! Sasa tulia, mpwa wangu, umempigia mwenye kazi yake. Nimefunga tai miaka thelathini na miwili, na hata siku nilipokuwa na homa sikukosea. Ni kitu chepesi. Tazama." Simu ikasikika ikiwekwa mezani. Kikafuata kimya, kisha mguno, kisha sauti ikarudi yenye ushindi. "Umeona?"

"Sijaona, Mjomba. Ni simu."

"Kweli. Basi nakueleza kwa mdomo. Inakwenda kule, halafu inarudi, halafu inakwenda tena kule kwingine. Umeelewa?"

"Kule wapi?"

"Kule! Mimi sijui, mikono yenyewe ndiyo inayojua!"

Saa moja kasoro dakika kumi. Mama akaketi sakafuni akashika tama, kwa kuwa sasa alikuwa ameelewa alichokifungua. Naye Keshokutwa, akiwa na simu sikioni na kitambaa shingoni, akayakumbuka maneno aliyoyanakili daftarini bila kuyatilia maanani: ligawe jambo kubwa vipande vidogo, anza na kile mwanafunzi anachokijua, uliza swali moja kwa wakati, na akipatia msifu. Akasimama wima. Akakohoa kikohozi cha kuanza kipindi.

"Mjomba, mwombe shangazi akushikie simu sikioni, ili mikono yako iwe huru. Tayari? Swali la kwanza. Ncha nene iko mkono gani?"

"Wa kulia."

"Vizuri sana. Kati ya nene na nyembamba, ipi imeshuka zaidi?"

"Nene. Imepita mkanda."

"Safi kabisa. Sasa fanya kitendo kimoja tu, halafu simama."

"Nimepitisha nene juu ya nyembamba."

"Simama hapo hapo."

"Mikono inataka kuendelea!"

"Izuie, Mjomba. Shangazi, mpigie makofi."

Shangazi, kama alivyozoea kumwita mke wa mjomba, akapiga makofi, simu ikaanguka, ikaokotwa, na kipindi kikaendelea. Nene ikapita nyuma ya nyembamba. Nene ikarudi tena mbele. Ikapanda kwa chini, ikatokea shingoni. Ikashuka ndani ya kijitundu chake, na kwa kila kitendo cha mjomba kulikuwa na kitendo cha mpwa. Akavuta taratibu, na mbele ya kioo kilichopasuka likatokea fundo. Lilikuwa fundo, mabwana! Lenye pembe tatu!

"Miaka thelathini na miwili," mjomba akanong'ona, "leo ndiyo najua ninachofanya."

Saa mbili kasoro dakika nane Keshokutwa alikuwa chuoni, ndani ya lango, kwenye mstari. Hadithi ingeweza kuishia hapo, na angekwenda zake na barua yake. Lakini aliyesimama nyuma yake alikuwa jitu moja lililoitwa Mnara, ambalo tai yake ya mpira ilikuwa imekatika njiani. Mkononi alishika nyingine ya kukopa kwa kaka yake, ndefu, isiyo na fundo.

"Ndugu yangu, nifunge," akasema Mnara, na jasho likimtiririka. "Nina mke na mtoto wananisubiri nimalize chuo hiki. Nifunge tu."

Keshokutwa akajaribu kuifunga ile tai kwenye shingo ya Mnara, lakini kulia kukawa kushoto na mbele kukawa nyuma. Aliijua kwa shingo yake tu. Mbele, Mkufunzi alikuwa akichungulia kucha za mtu wa tatu, na Keshokutwa alikuwa wa tisa.

Akaliangalia fundo lake. Mwaka mzima wa njia za uani ukampita machoni. Kisha akaliingizia kidole, akalifungua.

"Tazama mikono yangu," akasema. "Nene ipi?"

"Hii."

"Vizuri sana. Ipitishe juu, halafu simama."

Mtu wa tano, wa sita. Mnara alikosea, akarudishwa pale alipokosea na si mwanzo. Wa saba. Vidole vinene vikapanda na kushuka, na mtu wa nane akaanza kutafuta maandalio yake kwa makusudi, polepole, Mungu ambariki. Kivuli cha miwani miwili kilipowafikia, mafundo mawili yalikuwa yakikazwa kwa pamoja.

Mkufunzi aliyahesabu maandalio ya Keshokutwa yote kumi na mawili, akatazama kucha na viatu, akampita bila kumpa barua. Akasimama mbele ya Mnara, akalivuta fundo lake. Halikufunguka.

"Nimekuona umeingia na kamba mkononi. Nani kakufunga?"

"Nimefunga mwenyewe, Madam. Mwalimu kanifundisha."

"Mwalimu gani?"

Mnara akanyoosha kidole. Hakuna mtu aliyewahi kumwita Keshokutwa hivyo, nao mstari mzima ukageuka. Mkufunzi akashusha miwani ya utosini, akamtazama kwa macho sita. Akatoa barua mbili kwenye bahasha kubwa, moja akampa Mnara.

"Chukua, Mwalimu," akasema. "Tai yako imelala kidogo kushoto. Ukifika huko, watoto watakwambia."

Na ipigwe ngoma, na wenye kalamu waandike, na wasio na kalamu wawaambie wenye kalamu: kwamba asubuhi ya Jumatatu ile, saa mbili kasoro dakika moja, jina la Keshokutwa lilifia langoni mwa chuo, na wanaume wawili wakatoka nje na barua zao mikononi, wala hakuna mtu aliyewafungia tai.