Majabali Yenu Yanavunja Posa ya Mwanangu

Bi Nadhira Mahmoud,
Nyuma ya soko, Dunda,
Bagamoyo.

Ndugu Meneja wa Boti za Kutembeza Watu Mtoni,

Assalaam alaikum, na kama wewe ni Mkristo basi Tumsifu Yesu Kristo, maana kwenye kibao chenu sijaona jina la mtu nikajua nisalimie vipi. Mie sijambo, watoto hawajambo, presha yangu ndiyo inapanda na kushuka, na leo nakwambia nani anaipandisha. Ni majabali yenu.

Mimi ndiye yule mama wa gauni la njano Jumamosi iliyopita, niliyekaa mbele na jirani yangu Gertruda. Tulikuja watu kumi na wanne, familia mbili. Binti yangu Naila kaposwa na Farhan, kijana wa Mapinga, mtoto wa Bi Chausiku. Barua ya posa ilishakuja, tukaijibu vizuri, ikabaki kukaa wazee wapange mahari. Vijana wakasema twendeni mtoni tukafahamiane, tuone maji yanavyopita katikati ya majabali marefu. Nikasema sawa, ila mie na mkwe mwenzangu tusipande boti moja, maana kwetu sie wakwe hawazoeani kabla mahari haijatoka. Wao wakatangulia na boti yao, sie tukafuata. Hapo hamna kosa, hilo nililitaka mwenyewe. Makosa yenu ni haya.

1. Kuzima injini. Njia nzima injini yenu inaunguruma kama mashine ya kusaga, kwa hiyo nilikuwa naongea na Gertruda kwa sauti ya kuishinda. Tulipofika pale mto unapobanwa, mawe huku, mawe huku, mwongozaji wenu Ferdinandi akazima injini bila kuuliza nani yuko katikati ya maneno. Ati tusikilize utulivu. Ndugu Meneja, utulivu ni kitu cha hatari. Hapa Dunda kuna bodaboda, kuna mchomelea vyuma, kuna muuza dawa ya kunguni anapita na spika. Mtu unasema neno lako, linazama hapohapo, linakuwa siri. Kule kwenu neno halina pa kujificha.

2. Majabali kurudiarudia. Kurudia tu ningesamehe, hata kasuku anarudia. Lakini yale yanarudia mwisho wa maneno peke yake. Mimi nimelelewa, simsemi mtu bila kuanza na sifa. Nilimwambia Gertruda kwamba Chausiku ni mwanamke mkarimu, mcha Mungu, nyumba yake inang'aa, ila pilau lake lina chumvi. Jabali la kulia likaacha ukarimu, likaacha ucha Mungu, likasema lina chumvi, chumvi, chumvi. Nikaona nirekebishe haraka. Nikasema kwa nguvu zaidi kwamba Farhan kijana mzuri, kasoma, hana makuu, isipokuwa ile miguu ya bata karithi kwa mama yake. Jabali la kushoto likadaka mama yake, mama yake, mama yake. Na boti yao iko hapo mbele tu, imekata kona. Gertruda akaninong'oneza ninyamaze. Nikamuuliza ninyamaze vipi na wakati mie nimeshamaliza, anayeendelea ni jabali.

3. Wanyama. Kiboko aliibuka wakati huohuo, akatoa pumzi puani kama mtu aliyebanwa na kicheko. Wenzangu wakapiga picha. Mie nilimtazama machoni nikajua huyu kasikia. Na mamba alikuwa kalala mchangani kaachama, Ferdinandi anasema anapoza mwili. Ninao mashoga zangu wanaoachama vilevile, na si kwa joto.

4. Hili ndilo linaloniliza. Bi Chausiku alikuwa ananipigia simu mara tatu kwa siku, kuniuliza tu nimepika nini. Siku ile tuliposhuka botini tukala pamoja, alikaa mwisho wa jamvi, akaitikia salamu yangu huku anatazama wali. Leo ni siku ya sita. Nikimpigia, simu inaita mpaka inachoka yenyewe. Wazee walikuwa wakae Jumanne, Jumanne imepita. Farhan anasema mama ana mafua. Mafua gani hayo yanaingia kwenye simu? Naila mwanangu hanigombezi, angenigombeza ningepumua. Anafagia uwanja uleule mara mbili, halafu anakaa barazani anatazama njia ya Mapinga. Ndugu Meneja, mtoto wa kike ninaye huyo mmoja. Watu wote wa mtaani nimeshawatajia rangi ya vitenge vya sare. Posa ikivunjika kwa sababu ya mawe, nitamtazama vipi?

5. Nilipomfuata Ferdinandi kulalamika, alinijibu kwamba majabali yale yapo tangu dunia inaumbwa, mimi ndiye niliyekuja juzi. Hilo si jibu la mtu wa kazi. Kama yapo tangu wakati huo, basi mmekuwa na muda mrefu wa kuyafunza adabu.

Sasa naomba yafuatayo, na sitaki nauli yangu, nauli ilikuwa ya kutembea na nimetembea. Yale majabali mawili yatundikwe majamvi na magodoro, kwa sababu nyumba yenye magodoro mengi haina mwangwi. Magodoro yasipotosha, injini isizimwe. Na hilo likishindikana, boti ya kwanza ifike kwanza baharini ndipo ya pili iondoke.

Na kama yote hayo hamyawezi, basi mniandikie barua yenye mhuri. Iseme kwamba majabali yenu yana tabia ya kusema watu, kwamba yalishasema mapilau ya wageni wengine kabla yetu wakiwemo Wazungu, na kwamba sauti iliyosikika Jumamosi ilikuwa ya kwao wenyewe, ikafanana tu na yangu. Barua aipeleke Ferdinandi kwa mkono wake, mpaka Mapinga. Avae shati la mikono mirefu, akae kwenye mkeka, asinyanyuke mpaka Bi Chausiku amwambie nyanyuka baba. Mkikataa nitaandika wilayani mto uchimbiwe njia nyingine, na hapo penye majabali pasipitishwe familia yoyote yenye posa.

Nisalimie wafanyakazi wote, yule dada wa ofisini mwenye mwanya, na mzee anayefunga kamba za boti, mguu wake apake mafuta ya nazi yenye karafuu. Ferdinandi naye msalimie, lakini kidogo.

Ni mimi mteja wako niliyeumia kwa maneno yangu mwenyewe,
Nadhira Mahmoud, mama Naila.

Nyongeza: Barua hii usiifanyie kazi. Kabla sijaituma, Bi Chausiku kashuka mlangoni na bajaji, na sinia la visheti, analia. Kumbe siku zote sita alikuwa ananikimbia yeye. Anasema pale penye mawe walipozima injini, alikuwa ananisema mimi kwa dada yake, jabali likayabeba, akajua yote yamenifikia. Yangu hakusikia hata moja, alikuwa anaongea. Nimemsamehe. Wazee wanakaa Jumapili, na Naila kala sahani mbili.

Lakini nimemuuliza mara nne alinisema nini, hataki kutaja. Kwa hiyo naomba nafasi za Jumamosi hii kwa watu walewale. Wao boti ya mbele, sie ya nyuma karibu sana, na injini izimwe palepale bila kuwaambia. Mie nitanyamaza safari nzima. Nimeanza kujizoeza tangu adhuhuri, na Naila kashakuja mara mbili kunishika paji la uso.