Harusi ya Duchesse na Mbwa ya Golf

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Damu! Matone tatu kwenye ciment ya barza. Duchesse, mbwa yangu, amekuwa mwanamuke. Nilipiga kelele ya furaha. Bibi yangu Lydie alitoka jikoni akauliza nani amekufa.

Hakuna aliyekufa! Ni aibu yangu ndiyo inakufa. Miaka ine nimeoa, na kwa baba mukwe, muzee Mwaba, mi ningali nakula bukari, ugali wetu, inje, karibu na banda ya kuku. Ni desturi yao: mukwe haingii kula ndani mpaka siku wenyewe banamufungulia mulango. Dédé, aliyeoa dada ya Lydie na anayekaa lupango ya jirani yetu, balimufungulia mwaka wa kwanza. Dédé! Anakula ndani, ananipungia mukono kwa dirisha.

Sasa bezi bamemaliza kuiba kuku za muzee. Akasema: Edouard, niletee mutoto wa berger allemand, ile mbwa kubwa ya polisi, utakula ndani. Binamu yangu Dan analinda villa moja kule Golf, kartiye ya batajiri. Mule iko Rocky, berger allemand ya kweli, na patron wake amekubali harusi. Jumamosi!

Jumatano, 9 Oktoba

Mbwa za kartiye nzima ziko kwenye mulango. Mbele ya zote: Sultani, mbwa ya Dédé, njano, mukia wa kukunja, sikio moja. Nimemufungia Duchesse ndani ya douche, mule tunaogea. Nikamupaka dawa ya mafua kwenye mukia ju ya kuua harufu. Alipiga chafya mpaka magaribi. Nikamushonea couche ya kuzuia damu kwa kikwembe, kitenge cha zamani.

Kikwembe hakikuwa cha zamani. Ni uniforme ya Lydie ya chorale ya kanisa. Mama Christiane, présidente wao, alikuja kutusalimia, akakuta mbwa amevaa sawa naye. Lydie haniongeleshi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Dan alimuleta Rocky kwa taxi, kiti cha mbele. Muzuri kabisa! Kifua cha commandant. Nilitandika blanketi, nikabaacha peke yao kwa heshima.

Kelele! Duchesse amemuuma pua. Tulimukuta Rocky chini ya taxi, hataki kutoka. Dan anasema patron akiona ile pua, kazi yake imekwisha, na hakuna mara ya pili. Dédé alikuwa juu ya ngazi, ati anatengeneza mabati. Alicheka mpaka akashuka.

Nasema hivi: bibi-harusi gani hasumbui siku ya kwanza? Labda kitu kilifanyika mbele ya kuuma.

Jumatano, 16 Oktoba

Damu inakwisha. Imebaki maji-maji tu. Basi hatari imepita! Nimefungua douche. Nimeoga humo peke yangu, kwa amani.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mungu wangu! Nyuma ya choo: Duchesse na Sultani bamegandana, mukia kwa mukia, kila mumoja anaangalia upande wake. Nilichukua ndoo ya maji. Lydie alinikamata mukono, akasema nitabaumiza, niache baachane benyewe. Dakika makumi mbili! Dédé alileta kiti.

Nilikimbia kwa papa Ngalula, veterineri wa kartiye. Akasema damu ikipunguka, hapo ndipo jike anakubali dume. Damu ikiwa nyingi, anauma. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema sikumuuliza.

Nilikaa kwenye barza nikalia kidogo. Kisha nikaamuka. Nimebandika picha ya Rocky juu ya sahani ya Duchesse. Mwenye mimba anazaa kile anachoangalia. Mama yangu alimwambia baba hivyo juu yangu, na baba aliamini.

Jumamosi, 25 Januari 2025

Batoto ine, juma ya tano sasa. Njano. Mikia ya kukunja. Muzee Mwaba alikuja kuchagua, Dédé nyuma yake. Nilisema rangi ya berger inakuja na umri. Muzee aliangalia mikia. Akaangalia Dédé. Akainama. Tatu zikakimbia. Ya ine, kajike kadogo, ikauma lacet, kamba ya kiatu chake, ikanguruma, ikakataa kuachilia.

Muzee alicheka mpaka machozi. Akasema nisimufanye kipofu, hii si berger, lakini mwizi hataulizia race ya mbwa. Akasema pia: mukwe anayeteseka hivi ju ya mbwa, binti yangu iko mikono muzuri. Leo utakula ndani.

Ndani! Kwa meza ya muzee, kwa kiti! Bukari, samaki, sombe. Lydie alikuwa anapangusa macho. Dédé mwenyewe alinipitishia chumvi. Furaha ikanizidi, nikamuahidi muzee nguruwe nyeupe ya race mbele ya Noeli. Niko na nguruwe? Hata mukia sina. Lakini Dan anajua dume moja kule Mokambo, na Dédé iko na jike. Ukuta katikati yetu ni mufupi.