Tumbawe la Monika

Jumatatu, 7 Julai 2025

Tumbawe limefika! Nimelipokea stendi asubuhi, ndani ya mfuko wa maji, ndani ya boksi, limefungwa na binti yetu Jenifer wa Dar kwa uangalifu kama chanjo. Kondakta akauliza ni nini. Nikamwambia ni mnyama wa baharini. Akachungulia, akasema anaona kipande cha muhogo.

Mpango ni huu. Mke wangu Monika anarudi Jumapili kutoka kwao Tanga, alikokuwa akimuuguza dada yake tangu Aprili. Aliniachia tangi lake la viumbe wa baharini kwa sharti moja: nisiguse kitu. Nikagusa. Mwezi wa tano niliona tumbawe lake limenyong'onyea, nikadumbukiza kibonge cha chumvi ya kulambisha ng'ombe. Miaka thelathini nimekuwa bwana mifugo, sijaona mnyama anayeikataa chumvi ile! Siku ya tatu tumbawe likawa jeupe kama mfupa. Samaki wawili walipona kwa ukaidi wao tu.

Hili jipya likae mahali pa lile lililokufa, naye asijue. Nilimwahidi kwamba nikistaafu tutahamia Tanga, kisha nikajenga Bariadi. Hakugomba. Aliomba tangi tu. Bahari yake yote imo mle, nami nimeiua nusu.

Jumanne, 8 Julai

Maagizo ya Jenifer: mfuko uelee kwanza, maji ya tangi yaingie humo tone kwa tone, halafu liwekwe chini, kivulini, wiki mbili bila kuguswa. Wiki mbili! Mimi nina siku tano.

Matone nimetimiza jana. Mengine nimefanya kwa utaalamu wangu. Kwetu Ipililo marehemu baba akinunua mtamba, kwanza alimpaka mavi ya zizi letu, anuke kama wenzake wasimpige pembe. Naikumbuka harufu ile ya alfajiri, mvuke ukipanda migongoni mwa ng'ombe, baba akipiga mluzi. Hakuna mtamba wake aliyepigwa pembe, hata mmoja!

Basi nikakwangua utelezi wa kijani kwenye mawe ya tangi, nikalipaka tumbawe lote. Nikaliweka juu kabisa chini ya taa, lifurahi. Likafunga vidole vyake vyote papo hapo. Aibu ya ugeni.

Alhamisi, 10 Julai

Limekunjamana. Jirani yangu Salvatory kaja bila kuitwa. Alifundisha baiolojia, na kwa kuwa ana bwawa la kambale anadhani Mungu alimshauri alipoumba samaki. Akasema ninaliunguza kwa taa. Akasema nilishushe kivulini nisiliguse tena. Nikamjibu kambale hana matumbawe. Akaondoka anacheka.

Kushushwa, hapana. Ila nimelisogeza katikati. Baadaye kushoto. Baadaye karibu na samaki, lipate wenzake. Mtamba mpya huzungushwa auzoee mji.

Jumamosi, 12 Julai

Limezungushwa sehemu sita. Sasa ni kama kitambaa cha kudekia. Monika kesho!

Mpango mpya: kulificha. Nimelisukumia kona ya nyuma kabisa, chini, nyuma ya jiwe kubwa, gizani. Akiuliza nitasema limeingia mapumziko ya kiangazi. Malori ya pamba yamepita mchana kutwa barabarani na mimi nimekaa kwenye stuli, nikitazama mahali tupu.

Jumapili, 13 Julai

Kafika. Amekonda. Hakutaka hata chai, alikwenda moja kwa moja kwenye tangi. Nikaanza habari ya mapumziko ya kiangazi. Akaniacha nimalize. Kisha akasema Jenifer alimwambia tangu mwezi wa tano, na kipande hiki alikichagua yeye mwenyewe kwa simu.

Siku sita nimeteseka bure!

Akachungulia nyuma ya jiwe. Akauliza nimelihamisha mara ngapi. Nikasema mara mbili. Akanitazama. Nikasema sita. Ndipo akanikumbusha mwaka tisini, nilipomleta bibi harusi kutoka Tanga. Nilimzungusha wiki nzima, Ipililo, Malampaka, kwa shangazi zangu wote, kila nyumba salamu za mwangaluka na uji, naye hajui neno la Kisukuma. Akashindwa kula. Mama yangu, Nyanjige, ndiye aliyeninyang'anya mke. Akamkalisha pembeni ya jiko lake, akakataza mtu yeyote asimsemeshe. Siku ya tatu, Monika akaanza kuimba.

Nakumbuka. Nilikuwa natoka kwenye josho la ng'ombe, buti mkononi, nikasikia sauti ngeni jikoni mwa mama. Nilisimama uani nikaogopa kuingia, isije ikanyamaza. Mama hayupo tena. Jiko lile limeshabomoka. Nimelia mbele ya samaki wawili na sioni aibu kuandika.

Monika akanipa kanga nijifute. Akaomba kitu kimoja: tumbawe libaki pale lilipo.

Jumatatu, 14 Julai

Limefunguka! Vidole vyote nje, zambarau, vinapunga. Monika yuko mbele yake, chai imepoa, anaimba ule wimbo wa jikoni kwa mama. Nilisimama mlangoni muda mrefu.

Salvatory kaja, anadai ni kivuli na utulivu. Wivu! Nimelifikiria jambo hili kwa kina: ni ule utelezi niliolipaka. Mbinu ya baba haijawahi kushindwa.

Ila pale konani limejitenga mno, masikini, halioni mtu. Kesho saa tisa Monika anakwenda jumuiya. Nitalisogeza kidogo tu, lisalimie majirani.

Na chumvi ya ng'ombe ipo bado stoo. Safari hii nitaweka nusu kibonge.