Sayari Ndogo na Koti la Mkurugenzi

Kwa furaha isiyo na kifani, Idara ya Uthibitishaji wa Sayari Ndogo za Mbali iliutangazia umma kwamba kuanzia mwezi huo hakuna sayari itakayoruhusiwa kuzunguka nyota yoyote bila barua. Tangazo lilibandikwa mlangoni, juu ya lile linalokataza kubandika matangazo.

Waraka namba saba ulieleza utaratibu: "Kitu chochote kinachodai kuwepo sharti kionekane mara tatu, kwa vipindi vinavyolingana, tena kwa macho ya mwenye cheo." Maneno "kitu chochote" aliyatia Mkurugenzi mwenyewe, kwa simu. Aliyapenda. Yalikuwa na kifua.

Mtaalamu wa idara, ambaye wenzake walimwita Mama Darubini, alikuwa na sayari moja tu duniani, na hiyo yenyewe haikuwa duniani. Aliiwinda miaka sita. Kila siku ya kumi na tisa ilikatiza mbele ya nyota yake na mwanga ukafifia kiduchu, kama inzi anapopita mbele ya taa ya uwanja wa mpira. Ukubwa alishaupima: imeizidi dunia yetu kidogo. Uzito aliupata kwa kutazama jinsi nyota inavyoyumba ikivutwa na hako katoto kake. Mwamba mtupu, moto wa kuyeyusha sufuria. Kilichobaki ni muhuri. Usipogongwa kabla ya Ijumaa, faili linafungwa na darubini inageuziwa getini, iwachunguze wachelewaji.

"Imepita mara ngapi tangu waraka utoke?" aliuliza karani wa mapokezi, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuna aliyewahi kumzima.

"Tatu. Haijachelewa hata dakika."

"Na mkubwa alikuwa wapi?"

"Semina. Semina. Warsha."

"Basi dada yangu, haijaonekana."

Mlango wa Mkurugenzi ulikuwa wazi. Ndani, koti lake lilivishwa mgongo wa kiti, mabega yamenyooka, ishara kwamba mwenyewe yuko hapo karibu. Alikuwa hapo karibu tangu mwaka jana. Wageni walishazoea kuliamkia.

Alhamisi asubuhi wakaingia wakaguzi wawili wa makao makuu, mama mmoja mnene na kijana wa kumbebea mafaili, wakisaka wafanyakazi hewa. Redio akapiga simu chini ya meza. Nusu saa baadaye Mkurugenzi akatokea, anahema, kifungo kimoja kimekosea tundu.

"Mimi hapa," alisema.

"Hilo ndilo tunalochunguza," alijibu mama mkaguzi, akifungua waraka namba saba. "Fomu zetu zimekwisha, tunatumia utaratibu wenu. Unasema kitu chochote. Huyu ameonekana mara ngapi?"

"Mbili," alisema Redio. "Siku aliyoripoti kazini, na leo."

"Vipindi?"

"Mwaka mmoja na miezi miwili."

"Asipokuwepo, kuna kinachoyumba?"

Mama Darubini alifikiri kwa haki kabisa. "Hapana. Na vipimo vyetu ni vikali, mama."

Mkaguzi akaandika: *uzito, haupimiki.*

Jasho likamtoka mkubwa wa watu. "Jamani! Kitu kinaweza kuwepo hata kama mwenye cheo hajakiona! Neno la mtaalamu halitoshi?"

"Tuwekee kwa maandishi, Mzee," alisema Mama Darubini, akimsogezea karatasi. "Anza na maneno 'kitu chochote'."

Mkurugenzi akaandika, akasaini, akagonga muhuri mara mbili kwa msisitizo.

Kwa waraka huo mpya, sayari ilithibitishwa ndani ya dakika nne. Redio alipiga vigelegele mpaka idara ya pili wakaja kuuliza nani kaolewa.

"Sasa mtaalamu," alisema mkaguzi, "na huyu je?"

Mama Darubini alimtazama Mkurugenzi kuanzia viatu mpaka kifungo. "Kitaalamu, bado ni mtarajiwa. Tusubiri apite mara ya tatu. Kwa hesabu yangu ni mwakani, baada ya miezi kumi na minne. Ila lile koti limeonekana kila siku ya kazi, saa mbili hadi saa kumi. Halijakosa."

Mkaguzi akaandika na hilo.

Jioni mvua ilipoanza, Mkurugenzi alirudi kuchukua koti lake. Redio akamzuia mlangoni kwa adabu zote.

"Pole, baba," alisema. "Mkubwa yuko kazini."