Sakafu ya Gundi

6 Agosti 2001, Jumatatu

Kiatu cha Kasiva kimeangukia barabarani kupitia sakafu ya gari, karibu na Katelembo. Cha kushoto. Hatukukipata. Kutu imekula sakafu. Kiema, fundi wa kuchomelea, alichungulia akaniuliza mbele ya watu: "Laban, hii gari iko na sakafu ama iko na shimo tu?" Walicheka! Nikamjibu kwamba Ulaya siku hizi hawachomelei, wanabandika kwa gundi. Nilisoma mahali.

Jioni, ujumbe kutoka kwa baba mkwe, Mzee Ndambuki wa Kalama. Jumamosi nimpelekee mbuzi watatu wa ntheo, la sivyo anamchukua binti yake. Ana haki. Bila ntheo Kasiva si mke wangu, hata tukikaa pamoja miaka sita. Nimeogopa sana. Mbuzi ninao. Gari ndilo shida.

8 Agosti, Jumatano

Nimenunua gundi ya chuma, mikebe miwili, dukani kwa Mwanaasha. Alinishauri nikwangue kutu yote kwanza kwa msasa. Mama mwema, lakini msasa pia anauza yeye, kwa hiyo nilimwelewa. Nikapaka juu ya kutu, nikalaza bati, nikalipigia magoti ili likamate. Likakamata. Suruali pia. Kasiva aliikata kwa mkasi.

9 Agosti, Alhamisi

Nimeruka juu ya bati mara kumi. Imara! Nilimwita Kiema aone. Aligongagonga, kisha akanishauri kwa upole niwapeleke mbuzi kwa miguu. Wivu huo.

11 Agosti, Jumamosi

Aibu! Mbuzi watatu nyuma, Kasiva mbele, mimi na koti langu la arusi za watu. Kwenye mlima wa Kalama beberu akaanza kukanyagakanyaga. Bati likaenda. Kugeuka, beberu amekwama, tumbo juu ya chuma, miguu ya mbele iko barabarani, anatembea pamoja na gari. Nikasimama. Akachomoka, akapotelea mashambani.

Niliokota bati nikalichunguza. Gundi ilikuwa imeshika kutu kabisa. Kutu ndiyo haikushika gari. Kwa hiyo gundi haina kosa.

Nikafika na mbuzi wawili. Mzee akawahesabu, akarudia, akamwambia Kasiva aingie ndani. Nimerudi peke yangu. Nyumba imepoa. Nimelia kidogo.

12 Agosti, Jumapili

Kiema tena! Kwao ni Kalama. Amemkuta beberu kwenye mahindi ya mama yake, akampeleka kwa Mzee kwa jina langu, kisha akaja kuniita. Sitamsamehe.

Ntheo imetimia. Beberu akachinjwa, nami nikapewa kiti. Mzee alitoa sharti moja tu: gari lichomelewe. Nikaapa mbele ya ukoo. Kasiva akatangulia garini na sanduku lake, anatabasamu.

Hapo Mzee akang'ata mfupa, meno yake ya bandia yakapasuka vipande viwili. Nikamsihi asiyatupe, mkebe mmoja wa gundi umebaki. Akanifungia kwenye leso. Kwa mara ya kwanza ameniita mwanangu!

Garini Kasiva aliuliza leso ni ya nini. Nikamweleza kwa furaha. Akateremka na sanduku lake, akarudi ndani kwa baba yake.

Sijaelewa. Nitamuuliza Jumanne, nikirudisha meno.