Sumu ya Olkaria, Kurasa Kumi Baada ya Chakula

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nakuru haisomi. Nimetibu mji huu miaka ishirini na sita, koo zake, majipu yake na presha zake, kwa hiyo nasema kama mtaalamu. Haisomi!

Kitabu changu, Sumu ya Olkaria, kilitoka mwezi wa sita. Ni cha kwanza katika mfululizo wangu wa Siri za Kusini. Mhandisi anakutwa amekufa kando ya bomba la mvuke la mitambo ya umeme. Washukiwa saba. Muuaji hafichuliwi hadi ukurasa wa mwisho kabisa, wa mia mbili na kumi na mbili. Kusini yote ya Bonde, kuanzia Olkaria hadi mtaa wa Kihoto, nimeitia kwenye karatasi. Matokeo? Mke wangu Emmy yuko ukurasa wa kumi na moja tangu Julai. Sista Jepkosgei, nesi wangu, anakitumia kuzuia dirisha la chumba cha sindano lisijifunge. Nilimuuliza amekionaje. Akasema ni kizito. Nikamshukuru. Nilielewa baadaye, nikiwa nyumbani.

Leo Mwalimu Wangare amenipigia simu. Huyu ni hedimistresi mstaafu, sasa mwenyekiti wa kundi la wasomaji, na bado anaongea kama mtu aliyeshika kiboko. Jumamosi, kwenye maktaba, wanachagua kitabu cha mwaka. Kitakachochaguliwa kitasomwa na wanachama wote mia moja na arobaini, hadi mwisho, watake wasitake. Ila kuna kanuni. Kila mwandishi alete watu kumi waliomaliza kitabu chake, wasimame watoe ushuhuda, kama kanisani. Upuuzi mtupu. Nimemwambia nitakuwepo.

Mpinzani wangu ni Kibii. Daktari Kibii, eti! Daktari wa ng'ombe. Ana agrovet, yaani duka la dawa za mifugo na mimea, na kitabu kiitwacho Ng'ombe Wako Anakuambia Nini, kurasa arobaini, nusu yake picha za viwele. Tayari ana mashahidi kumi, na wengine wa akiba.

Mimi sina hata mmoja. Nitaandika ukweli hapa, maana shajara hii nayo hakuna anayeisoma. Nataka mtu mmoja afike ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, aniangalie machoni aniambie alishtuka. Basi.

Jumanne, 9 Septemba

Mbinu ya kwanza: kuwasomea wagonjwa. Wamekaa kwenye benchi, hawana pa kwenda, wengine hata kutembea hawawezi. Hadhira bora kuliko hiyo itatoka wapi?

Saa tatu asubuhi nikasimama mbele yao na kuanza sura ya kwanza kwa sauti nzito. Mama mmoja akauliza daktari atafika saa ngapi. Nikamwambia daktari ni mimi. Akasema sawa, lakini yule wa kutibu. Mtoto akatapika penye mshukiwa wa pili. Nikaendelea.

Nilipofika pale mpelelezi anapofuata nyayo za muuaji kwenye vumbi la Kihoto, mwezi wa tano, mwanamume mmoja akainua mkono. Anaitwa Kiplimo, alikuja na vidonda vya tumbo. Akasema yeye amepanga nyumba Kihoto miaka sita, na mwezi wa tano Kihoto hakuna nyayo, kuna maji ya ziwa mpaka dirishani. Mwaka jana walihamisha kochi kwa mashua. Benchi zima likamwunga mkono. Wakaanza kusimuliana habari za mafuriko, na nakiri zilikuwa na msisimko. Muuaji wangu akabaki kwenye vumbi peke yake.

Nilimweleza Kiplimo kwamba mimi ni mwandishi, si idara ya hali ya hewa. Akaniomba dawa ya tumbo. Watu wa namna hii ndio wanaoua fasihi.

Jumatano, 10 Septemba

Nimepata! Nashangaa mtu mwenye akili kama zangu amechelewa hivi.

Mgonjwa hubishana na kila kitu isipokuwa karatasi ya dawa. Mwambie asome, atasema macho yanauma. Mwandikie kwenye karatasi, upige mhuri, atameza hata kokoto. Kwa hiyo leo nimewaandikia watu kumi. Kumi kamili! Kila mmoja nimemwandikia hivi: Sumu ya Olkaria. Kurasa kumi kila jioni baada ya chakula. Usiache katikati. Sahihi, mhuri.

Sikuwaambia ni kitabu. Hapo ndipo penye ujanja. Ukimwambia mtu ni kitabu, ghafla anakumbuka ana mahindi ya kupalilia. Niliwaambia tu wataipata dukani. Kwa Shiko, duka la vitabu ng'ambo ya barabara, nakala zimejaa rafu nzima. Hajauza hata nakala moja, lakini hilo ni kosa lake, ameziweka chini ya kadi za harusi.

Wa kwanza alikuwa Mzee Kosgei, mkulima wa Njoro. Analalamika kwamba halali usingizi, ni mwaka wa tatu sasa. Kwa kawaida ningemuuliza mambo mengi. Leo nimemwandikia Sumu. Akaikunja karatasi vizuri, akaitia ndani ya kofia, akanishukuru mara mbili.

Sista Jepkosgei ameiangalia karatasi moja na kusema mwandiko wangu unasomeka neno la kwanza tu, na pale penye jioni baada ya chakula. Nikamwambia aendelee na sindano zake.

Alhamisi, 11 Septemba

Siku ya aibu. Naandika kwa hasira, si kwa woga.

Mzee Kosgei hakwenda kwa Shiko. Angeendaje kwa Shiko? Yeye ni mkulima. Tangu azaliwe, karatasi ikiandikwa sumu, inapelekwa agrovet. Na agrovet aliyoiendea, kati ya zote zilizojaa mji huu, ni ya Kibii!

Kibii akamuuliza sumu ni ya panya au ya kupe. Mzee akasema ni yake mwenyewe, baada ya chakula cha jioni, daktari ameandika. Kibii akamkalisha kwenye gunia la chakula cha kuku, akampa soda, akampigia binti ya mzee, Chepkemei. Chepkemei akampigia Mchungaji Kihara. Kufika saa nne, boma la Kosgei lilikuwa limefagiliwa dawa zote, za kupe, za magugu, hadi ya viatu. Mzee mwenyewe amewekewa mikono na akina mama kumi na wawili, akiuliza kama anaweza kwenda kukamua.

Kufika saa sita walikuwa kliniki kwangu. Wote. Na tambarini.

Wale tisa wengine? Watatu walienda kwa maduka ya dawa, na wauzaji wakanipigia kuniuliza kama niko salama. Mmoja alifika hadi agrovet ya Salgaa, akaulizwa ana mbuzi wangapi. Watano wamezichana karatasi na kuhamia zahanati ya mission. Kiplimo wa vidonda vya tumbo amewatumia watu ujumbe kwamba alijua tangu ile habari ya vumbi.

Kisha Kibii akanipigia. Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

"Daktari," akasema, "mimi hata ng'ombe simpi sumu bila kumweleza mwenyewe."

Nikakata simu.  Benchi lilikuwa tupu. Emmy alinipakulia chakula na kusema nyani haoni kundule. Nadhani alimaanisha Kibii.

Ijumaa, 12 Septemba

Emmy ameniamuru niende Njoro kuomba msamaha. Nimekwenda. Si kwa kuamriwa. Nimekwenda kwa sababu nilipata wazo njiani nikiwa tayari nimekwenda.

Mzee Kosgei hakuwa na kinyongo. Alinipokea kwa mikono miwili, Chepkemei akaniletea mursik, maziwa ya kibuyu, kwa uso wa mtu anayehesabu vikombe visije vikaibwa. Nikaeleza kwamba Sumu ya Olkaria ni kitabu, tena cha kusisimua. Nikakitoa mkobani. Mzee akakipokea, akakigeuza, akakinusa. Akasema kumbe ndiyo hii dawa. Nikasema ndiyo, kwa maana fulani.

Hapo nikatoa wazo langu. Nikamwomba akimalize leo, chote, kesho aje maktaba ashuhudie. Shahidi mmoja wa kweli anatosha kuwaaibisha wale kumi wa Kibii.

Akavua kofia. Akatoa karatasi yangu, akainyosha juu ya goti na kusema imeandikwa kumi, Chepkemei amehangaika na mwandiko hadi akamsomea. Kumi kila jioni. Nikasema mimi ndiye niliyeandika, na sasa nasema mia mbili na kumi na mbili. Akatikisa kichwa kwa upole. Marehemu mkewe alizidisha vidonge vya presha siku moja tu, wakamkimbiza hospitali usiku kucha. Dozi haizidishwi, akasema, hata daktari akibembeleza. Chepkemei akamwunga mkono. Nilibishana nao saa nzima dhidi ya mhuri wangu mwenyewe, nikashindwa.

Watu wagumu hawa! Ila nilipoondoka alikuwa amekaa mlangoni, miwani puani, kidole kwenye mstari wa kwanza. Nilisimama kwenye lango nikamtazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumamosi, 13 Septemba

Maktaba ilijaa. Mwalimu Wangare mbele na kengele ya shule. Emmy na Sista Jepkosgei walikaa mstari wa tatu, wakicheka kabla hata ya kuanza.

Kibii kwanza. Mashahidi wake wakasimama mmoja mmoja, wakulima wenye viatu vya matope. Mmoja ng'ombe wake alikuwa amegoma kushusha maziwa, yeye akasoma ukurasa wa kumi na nne, sasa ng'ombe anashusha. Mwingine alilia kabisa, mtu mzima, kwa ajili ya ndama. Watu wakapiga makofi. Hii ndiyo fasihi yetu. Viwele!

Ikaja zamu yangu. Mwalimu Wangare akauliza ni nani amemaliza Sumu ya Olkaria.  Nikamwangalia Emmy. Emmy akaangalia dari. Mwalimu Wangare akarudia swali lake taratibu, jinsi mwalimu anavyorudia akishajua jibu.

Mzee Kosgei akasimama. Moyo wangu ukaruka, sifichi. Alikuwa amevaa koti la Jumapili na kitabu changu kifuani. Akasalimu watu, Bwana asifiwe, wakaitikia. Kisha akasema, na nayaandika kama alivyoyasema:

"Tangu mama Chepkemei aende, mimi sijalala. Miaka tatu. Jana jioni nikaanza hii ya daktari. Page ya kwanza, nikasikia mwili inalegea. Page ya pili, sikumaliza. Nimekuja kushtuka ng'ombe inalia, jua iko juu. Mungu ambariki huyu daktari."

Ukumbi ukaangua kicheko. Haukucheka kwa ubaya, na hilo ndilo baya zaidi. Mwalimu Wangare akavua miwani apanguse macho. Emmy alikuwa ameinamia goti la Sista, mabega yanaruka. Kibii peke yake hakucheka. Alikwenda akampa mzee mkono.

Mzee hakuelewa wanacheka nini. Aliniangalia machoni, vilevile nilivyotaka niangaliwe, na macho yake yalikuwa meupe, yamepumzika. Niliumia. Mtu mmoja ameniangalia hivyo, na hajui hata kama kuna mhandisi aliyekufa.

Wamechagua kitabu cha ng'ombe.

Jumatatu, 15 Septemba

Ushindi!

Nimefika kliniki saa mbili nikakuta foleni hadi kwenye lango. Watu ishirini na tatu. Nilidhani ni kuhara. Hapana. Wanataka Sumu ya Olkaria! Walinzi wa zamu, akina mama wenye watoto wachanga, dereva wa lori kutoka Salgaa, mwalimu mkuu mwenye kesi ya shamba. Kufika saa nne rafu ya Shiko ilikuwa tupu, kadi za harusi zimebaki zenyewe. Hata Kiplimo amerudi kutoka Kihoto, kichwa chini. Nikamsamehe kwa ukubwa wa moyo.

Sista Jepkosgei amesema hawa wote ni wagonjwa wa kukosa usingizi na habari za mzee zimewafikia. Wivu. Nabii hana heshima kwao, hata kwenye chumba cha sindano.

Mzee Kosgei naye alipita kushukuru. Amenawiri kidogo. Nikamuuliza amefika wapi. Akasema bado ukurasa wa pili. Kila jioni anaanza upya, na hajawahi kuhitaji wa tatu.  Anakirudia! Kitabu cha Kibii watu wanakisoma mara moja tu, ng'ombe akipona wanafungia nacho chumvi. Changu kinarudiwa kila siku iendayo kwa Mungu. Nionyesheni mwandishi mwingine Nakuru anayerudiwa namna hiyo.

Kwa hiyo leo nimeanza kitabu cha pili. Kitakuwa kirefu mara mbili, maana sasa najua wasomaji wangu wanataka nini. Kinatokea Kihoto, mwezi wa tano, vumbi kila mahali. Kinaitwa Kifo cha Kihoto. Hakijaandikwa bado, ila sioni sababu ya kuwachelewesha wagonjwa. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimeshawaandikia watu sita, kwa sahihi na mhuri: Kifo, kutwa mara mbili, hadi mwisho.