Mwenyekiti wa Nguvu Mia Moja

Ninayo heshima kubwa kuutangazia umma wa Karagwe na Kyerwa kwamba tatizo la kadi limekwisha. Limekwisha kabisa. Waliokuwa na wasiwasi walale, na waliokwisha kulala wasiamshwe.

Nasema haya kwa mamlaka niliyopewa nikiwa Katibu wa Kamati ya Pamoja ya Kusimamia Kadi za Kubadilishana. Jina langu Placidius. Nimehudhuria semina tatu kuhusu kadi, na katika zote tatu sikugusa kadi hata moja, jambo lililonisaidia sana kutoegemea upande.

Kwa wasiojua: vijana wetu, pamoja na watu wazima wasiotaka kutajwa, wana mchezo uitwao Kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani; upande wako wa meza ndio kibanja chako. Kila mchezaji huja na fungu lake la kadi arobaini alilolipanga mwenyewe. Kuna kadi ya Kibarua, kadi ya Mvua, kadi ya Ng'ombe, na kadi ya Mnyauko wa kukausha migomba ya mwenzako; kila mtu na kila mnyama ameandikiwa namba ya nguvu zake. Mnashusha kadi mezani kwa zamu. Kila Kibarua aliyeko mezani hukata mkungu mmoja wa ndizi kila zamu, na wa kwanza kufikisha mikungu ishirini ameshinda. Kadi usizozitaka unabadilishana na wenzako. Hapo ndipo kelele huanza, maana mtu wa Kimuli hawezi kukubali kwamba Ng'ombe wake ni sawa na Mvua mbili za mtu wa Ihembe.

Kadi zote huchorwa na mtu mmoja, Avelina, fundi cherehani wa Ihembe. Hukata maboksi ya sabuni, huchora kwa kalamu ya wino, na kila mwezi hutoa kadi mpya tano. Watu huzijadili kadi hizo sokoni kwa bidii ambayo hawajawahi kuionyesha kwenye mikutano yetu. Kamati ikaona hatari.

Tulifanya utafiti. Tukagundua kwamba katika aina mia mbili na kumi za kadi za Avelina, hakuna kiongozi. Kuna kadi ya Mbuzi. Kuna kadi ya Bibi Mwenye Mkongojo, ambayo inaogopwa sana. Kiongozi hakuna hata mmoja.

Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Desderius, aliisoma ripoti hiyo mara mbili.

"Mbuzi ana nguvu ngapi?" aliuliza.

"Nne, Mheshimiwa."

"Na mimi simo?"

"Humo, Mheshimiwa."

Kesho yake mgambo walikwenda soko la Kanoni wakauchukua mfuko wa Avelina, wenye kadi mia sita, kazi ya miaka miwili, kwa kosa la kuendesha kilimo kisichosajiliwa juu ya meza.

Avelina alifika ofisini kabla chai haijapoa. Ni mwanamke mfupi, na futi ya kupimia nguo humning'inia shingoni hata anapokwenda kanisani.

"Shikamooni."

"Marahaba," akajibu Mwenyekiti. "Mfuko wako uko salama. Unasubiri kuteketezwa."

"Baba, hizo kadi nimezichora moja moja kwa mkono. Kuna watu Kimuli wamepanga mafungu yao mwaka mzima wakizingoja. Mkizichoma hizo, hakuna mchezo tena."

"Mchezo upo. Kamati inauboresha."

"Mnauboresha bila kuujua?"

"Ndiyo maana tunaitwa Kamati," nikamfafanulia.

Tulikaa siku tisa kutunga kadi mpya. Kadi ya kwanza ilikuwa Mwenyekiti, nguvu mia moja, mwenye picha ya Mheshimiwa Desderius akitazama mbali. Ya pili ilikuwa Katibu, nguvu tisini. Picha yangu ilitoka nimefumba macho, lakini muda ulikuwa umebana. Zikafuata Mjumbe, nguvu themanini, na Dereva wa Mwenyekiti, nguvu sabini na tano. Kibarua wa Avelina ana nguvu tatu. Tulichapisha nakala elfu nne za viongozi kwenye karatasi nzito yenye kung'aa. Kibarua hatukumchapisha. Hakuna mjumbe aliyemkumbuka.

Kisha tukatunga kanuni. Kwanza, kila fungu liwe na viongozi wasiopungua kumi. Pili, kiongozi anaweza kuingia kibanja cha yeyote bila kualikwa, na ana uwezo wa kumwondoa mezani yeyote mwenye nguvu pungufu kuliko yeye. Tatu, kiongozi hafanyi kazi ya mikono. Nne, kiongozi popote aingiapo ni mgeni rasmi, naye atapokelewa kwa heshima zote anazopewa mgeni kwa mujibu wa mila zetu. Kibanja kisichompokea kitatoa faini ya mkungu mmoja kila zamu.

Kanuni hiyo ya nne niliiandika mimi. Mwenyekiti aliipigia mstari mara mbili kwa wino mwekundu.

Uzinduzi ulihitaji mchezo wa mfano. Mwenyekiti akaamua kucheza mwenyewe, tena na Avelina, ili umma ushuhudie maboresho. Avelina alikubali kwa sharti moja.

"Nikishinda, mfuko wangu unarudi leo leo, na hamtaugusa tena."

Mwenyekiti alicheka hadi akakohoa. "Andika, Katibu. Na akishindwa, anachoma kadi zake kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu."

Nikaandika. Wote wawili wakatia sahihi.

Jumamosi saa nane mchana uwanja ulijaa. Watu walitoka Kanoni, Ihembe, hata Kimuli, wakiongozwa na Rogasian, mchezaji mkongwe ambaye mdomo wake Kamati imewahi kuujadili chini ya mengineyo.

Kwanza kupanga mafungu. Avelina alifunguliwa mfuko wake chini ya ulinzi. Alichagua kadi thelathini polepole, moja akiichukua, nyingine akiirudisha, kisha akaongeza viongozi wetu kumi kama kanuni inavyotaka, bila kuwatazama usoni. Mwenyekiti yeye alikuwa amepanga fungu lake tangu Jumatano: viongozi arobaini kati ya arobaini.

"Mzee, hujaweka Kibarua hata mmoja?" Rogasian alipaza sauti.

"Kibarua ana nguvu tatu," akajibu Mwenyekiti. "Mimi nina jumla ya nguvu elfu tatu na mia nne. Piga hesabu."

"Hesabu nimepiga. Nauliza mkungu atakata nani?"

Mgambo walimtazama Rogasian. Rogasian akatazama mawingu.

Mchezo ulianza. Avelina alishusha Kibarua. Mwenyekiti akashusha Katibu, yaani mimi, na watu wakapiga makofi kiasi. Avelina akashusha Kibarua wa pili. Mwenyekiti akamshusha Mwenyekiti, akamgonga mezani kwa kishindo hadi meza ikayumba. Avelina akashusha wa tatu.

"Sasa tazameni utendaji," akasema Mheshimiwa, akazisukuma kadi zake mbili hadi upande wa Avelina. "Tunaingia kibanja. Zamu ijayo nawaondoa vibarua wote hao."

Nilimwona Avelina anashika futi yake kwa vidole viwili. Mfuko wa kadi ulikuwa pembeni, na karibu yake kiberiti, ambacho nilikileta mimi kwa kufuata ratiba.

Avelina alichomoa kadi moja iliyochakaa pembeni, akaiweka taratibu mbele ya wageni. Ilikuwa na mchoro wa kikapu kidogo.

"Karibuni, waheshimiwa," alisema. "Kahawa hiyo. Tafuneni."

Watu waliangua kicheko. Sisi wa meza kuu ndio tuliochelewa kuelewa, ingawa wote tumelelewa huku na tunajua mgeni akifika huanza kupewa kahawa ya kutafuna. Aliyetafuna kahawa yako hawezi tena kuidhuru nyumba yako. Amekaa. Wala hajiondokei kama kuku. Hungoja hadi mwenye nyumba amsindikize.

"Kadi gani hiyo?" Mwenyekiti aliuliza.

"Kahawa ya Kutafuna, baba. Ni ya zamani. Huwa tunaitumia wakwe wakija."

"Mimi si mkwe!"

"Ndiyo, baba. Wewe ni mgeni rasmi."

Mwenyekiti akanigeukia. "Katibu! Tafsiri ya kanuni!"

Nikasimama, nikasoma kanuni ya nne kwa sauti, yote, pamoja na yale maneno *heshima zote anazopewa mgeni kwa mujibu wa mila zetu*.

"Nani aliandika upuuzi huu?" akaninong'oneza.

"Umeupigia mstari, Mheshimiwa. Mara mbili."

Kuanzia hapo mchezo ulikwenda kwa amani kubwa. Mwenyekiti aliendelea kutuma viongozi, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kutuma. Wajumbe walikwenda. Madereva walikwenda. Mwenyekiti wa pili alikwenda kumtafuta wa kwanza. Wote walikaribishwa, kahawa ikazungushwa kutoka kikapu kilekile, wakakaa kitako mstari mmoja wakitazama vibarua wanavyokata mikungu.

"Watoke! Waambie watoke!" Mheshimiwa alisema.

"Nitafukuzaje wageni, baba? Watu watasema Ihembe hatuna adabu."

"Basi wasindikize!"

"Mapema yote hii? Hawajashiba."

Viongozi wake Avelina nao hakuwaacha bure. Kila alipompata mmoja, alimtuma kibanja cha Mwenyekiti. Huko waliwakuta viongozi wenzao tu, hakuna wa kuchuma, hakuna wa kuchemsha, hakuna wa kuleta kikapu. Hawakupokelewa. Kanuni ya nne ikadai faini ya mkungu mmoja kwa kila mgeni kila zamu, na Mheshimiwa hakuwa na mkungu hata mmoja wa kutoa. Nikalazimika kuandika namba ambazo ubao wetu wa matokeo haukuandaliwa kuzibeba.

"Ishirini kwa hasi kumi na moja!" Rogasian alitangaza, ingawa hakuwa mtangazaji rasmi. "Yaani mzee umeshindwa mpaka unadaiwa ndizi!"

Mwenyekiti alidai rufaa. Nilimkumbusha kwamba rufaa husikilizwa na Mwenyekiti. Akajisikiliza dakika kumi, chini ya kivuli chembamba cha gari la Kamati, akarudi akiwa amejikatalia kwa kukosa ushahidi. Avelina akauchukua mfuko wake, akahesabu kadi zote mia sita, akatushukuru kwa kuzihifadhi mahali pakavu, akaondoka.

Kwa hiyo, kama nilivyotangaza, tatizo la kadi limekwisha. Tulilobaki nalo ni dogo. Kwa kuwa kila fungu bado linahitaji viongozi kumi, na tulichapisha elfu nne, viongozi wamezagaa. Kimuli wanabadilishana Wenyeviti tisa kwa Mbuzi mmoja, na mwenye Mbuzi husema ameonewa. Bibi mmoja wa Kanoni hututumia kuziba matundu ya dirisha. Anasema karatasi yetu ni nzito, haipitishi baridi. Kibarua ndiye haonekani tena. Kila mtu anamtaka, na Avelina huchora watatu tu kwa wiki, kwa sababu ana nguo za watu za kushona.

Jumanne iliyopita Mheshimiwa Desderius aliniamuru nimsindikize Ihembe kwa ziara ya kikazi. Ziara ilikuwa kwenye cherehani. Akatoa mfukoni bunda la kadi, zote zina sura yake akitazama mbali.

"Mwanangu," alisema, na sauti yake sikuwahi kuisikia imeshuka hivyo, "nipe Kibarua mmoja. Nakupa Wenyeviti ishirini."

Avelina hakuinua macho. "Hapana, baba."

"Arobaini."

"Baba, wa kukaa ninao hadi nawapa watoto wachezee. Wa kukata mkungu ndiye ninayemtafuta."

Mwenyekiti akalisukuma bunda zima mbele yake. "Basi themanini. Wote nilionao. Na nakuongezea Katibu."

Cherehani ikasimama. Avelina akatutazama, kwanza yeye, halafu mimi, kuanzia kola hadi viatu, kama anayepima kitambaa asichokiamini.

"Huyu," aliuliza, "panga anaweza kulishika?"

Mheshimiwa Mwenyekiti alivua koti, akalikunja, akanikabidhi nilishike, kisha akamuuliza kwa unyenyekevu kama panga lenyewe liko karibu.